Picha Zilizokwama Kwenye Kamera ya Tulia

Mtaani walimwita Tulia, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila aliyeketi kwenye kigoda chake mbele ya pazia la bluu aliambiwa neno moja tu: "Tulia." Mtoto mchanga aliambiwa atulie, bibi mwenye mikono ya kutetemeka aliambiwa atulie, na siku moja hata polisi aliyekuja na haraka zake kupigwa picha ya kitambulisho aliambiwa, "Tulia, afande, humu hamna mwizi."

Mkewe walimwita Mama Kitana. Kazi yake ilikuwa kusimama kando na kitana mkononi, amrekebishe mteja nywele, amfute jasho la pua, amnyooshe kola, kisha arudi nyuma na kusema, "Haya, mpige." Ndivyo walivyogawana kazi tangu waoane. Mume alishika kamera na kompyuta, mke alishika watu. Watoto hawakujaaliwa. Studio, ambayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao kilichotazama barabara, ndiyo waliyoilea mpaka ikawalea.

Kompyuta ile ilikuwa kuukuu, na zamani iliugua kila wiki. Virusi viliingia na picha za wateja, mashine ikawa inakoroma bila kufanya kazi. Tulia alipochoka aliifuta yote, akaweka mfumo unaoitwa Linux, ambao hugawiwa bure na watu wanaoutengeneza kwa kushirikiana. Aliusoma mwenyewe, akauliza kwenye mtandao watu asiowajua sura. Mtaani hakuna mwingine aliyeutumia. Waliochungulia kioo chake walisema kina sura ya kigeni, hawaoni vitu walivyovizoea.

"Huyu haugui," Tulia aliwajibu, akiipigapiga kompyuta mgongoni kama mtu anayesifu ng'ombe wake.

Mama Kitana naye alikuwa akisema, "Wewe na jini lako mtajuana wenyewe." Hakutaka kujifunza. Aliona kila mtu ana zamu yake katika nyumba, na zamu ile haikuwa yake.

Kiharusi kilimkuta Tulia asubuhi, akiwa kazini. Alikuwa ameinama juu ya meza akitafuta mkasi, mteja amesimama anangoja picha zake. Mama Kitana alisikia kishindo akiwa uani. Alipofika alimkuta mumewe amelala ubavu, nusu ya uso imeshuka, na chini ya kiwiko chake kimepondeka kile kidude kidogo walichokuwa wakikitumia kusomea kadi ya kamera. Mteja alikuwa ameshatoka mbio kuita watu. Mdogo wake Tulia, mwenye karakana ya pikipiki mtaa wa pili, ndiye aliyefika kwanza. Alimbeba kaka yake mgongoni mpaka kwenye gari, kiatu kimoja kikabaki barabarani.

Hospitali walimrudisha akiwa hai, mkono wa kulia unaning'inia, na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "chumvi."

Akitaka maji alisema chumvi. Akitaka kugeuzwa kitandani alisema chumvi. Siku za mwanzo Mama Kitana alikuwa akimletea chumvi kweli, kwenye kisahani, na Tulia alikisukuma kile kisahani mpaka kikamwagika, macho yamemtoka kwa hasira. Mtaalamu wa mazoezi aliyekuja kumnyoosha mkono alimweleza mama yule mambo yalivyo.

"Maneno yake hayajapotea, dada. Yamo ndani, ila njia ya kutokea imeziba. Hilo moja ndilo limepata upenyo. Anakuelewa kila kitu. Usimfokee kama kiziwi, wala usimbembeleze kama mtoto."

"Na mengine yatarudi?"

"Wengine hurudi nayo. Wengine hawarudi nayo. Siwezi kukudanganya."

Kulikuwa na siku za kucheka. Jirani mmoja mwenye umbea alikuja kumjulia hali, akakaa akiwasema watu saa nzima, na alipoaga Tulia akamtolea "chumvi" moja nzito hivi kwamba kila aliyekuwepo alijua ametukanwa. Lakini siku kama hizo zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa za kimya, mume amekaa kwenye kiti chake pembeni mwa studio iliyofungwa, mke anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Ndipo akapiga simu msajili wa chuo cha ufundi. Kila mwaka Tulia ndiye aliyewapiga picha za vitambulisho wanafunzi wapya. Msajili hakuwa na habari ya ugonjwa, akasikitika, akasema basi atatafuta mwingine.

"Usitafute mwingine," Mama Kitana alimjibu, na mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake. "Nitakuja mimi."

Kamera aliijua. Tulia alimfundisha zamani, siku za sherehe alipohitaji mtu wa pili. Alibeba pazia, kigoda na taa, akaenda chuoni, akapiga kutwa nzima. Wanafunzi walikaa mmoja baada ya mwingine, wa useremala, wa ushonaji, wa umeme. Kwa wa kwanza kabisa alinyanyua kamera jichoni na mdomo wake ukasema, "Tulia."  Ikabidi ashushe kamera, ajifanye anafuta lenzi, kijana wa watu ameganda kwenye kigoda hajui kosa lake.

Kazi ya chuoni ikaisha salama. Shida ilimngoja nyumbani, kwa sababu picha zote zilikuwa ndani ya kamera na sasa zilitakiwa zitoke.

Kile kidude cha kusomea kadi kilikwisha kufa chini ya kiwiko cha Tulia. Kamera yenyewe ilikuwa ya zamani, kadi yake ni ile nene ya mraba ambayo wauza simu waliitazama kama wanaoonyeshwa sarafu ya mkoloni. Alikwenda kwenye duka la kuchapisha, wakaichomeka kamera kwa waya, kompyuta yao ikadai diski iliyokuja na kamera siku iliponunuliwa. Diski hiyo hata Tulia angekuwa na maneno yake yote asingejua iko wapi. Ikabaki njia moja: waya wa USB, na jini la Linux.

Alasiri ile alimsogeza mumewe karibu na dirisha, akaketi kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia, akawasha kompyuta. Alichomeka waya upande mmoja kwenye kamera, upande wa pili kwenye mashine, akaiwasha kamera. Kwenye kioo kikatokea kijipicha cha kamera. Mama Kitana alipiga makofi.

"Umeona? Imeitambua!"

Tulia hakufurahi. Alikuwa ameinua kichwa, anatazama kioo kwa wasiwasi.

Mama Kitana alifungua programu ya kuvuta picha, ile aliyomwona mumewe akiifungua miaka yote, yenye alama kama ua la rangi rangi. Akabonyeza mahali pa kuleta picha. Badala ya picha yakaja maandishi ya Kiingereza ndani ya kisanduku, na Kiingereza chake yeye kilikuwa cha salamu na bei. Alifunga, akafungua tena. Maandishi yale yale. Alichomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena. Kijipicha kikarudi, na maandishi nayo yakarudi. Mara kamera ikajizima yenyewe kwa kukaa bila kazi, akaiwasha, akaanza upya, jasho linamtoka kwapani.

"Chumvi," alisema Tulia.

"Ngoja kwanza."

"Chumvi! Chumvi!"

Aligeuka. Mumewe alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto, amekunja ngumi, kisha anaikunjua ngumi, vidole vinafunguka. Anakunja, anakunjua.

"Unataka nini? Maji?"

Alitikisa kichwa kukataa. Akakunja, akakunjua.

"Kuachia? Unasema niachie?"

Tulia aliitikia kwa nguvu, kichwa kinashuka na kupanda mara nyingi, machozi yanamlenga.

Mama Kitana alikisukuma kipanya kando. Miaka yote hakuwa amegusa kompyuta ile, na siku aliyoigusa ili wapate kula, mwenye nayo anamwambia aachie. "Hata sasa?" alisema. "Hata sasa unanionea wivu hili dude lako?" Na kwa uchovu na kwa hofu ya msajili, neno likamponyoka. "Basi inuka ufanye mwenyewe!"

Neno likishatoka halina mkia wa kulishikia. Tulia alishusha mkono wake pajani, akaugeuza uso ukutani. Mama Kitana alichomoa waya, akaenda jikoni, akasimama mbele ya jiko lisilo na moto.

Kesho yake msajili alipiga simu tena. Ijumaa chuo kinafunga usajili, asiye na picha hatapata kitambulisho, na asiye na kitambulisho haingii karakana. Alisema kwa upole, lakini alisema. Mama Kitana akamweleza shemeji yake, yule wa pikipiki.

"Shemeji, mbona hukuniambia mapema?" alisema. "Ugonjwa wa hiyo kompyuta unajulikana. Kaka aliiwekea mambo yake ya peke yake. Namleta fundi, anaifuta, anaweka mfumo wanaotumia binadamu wote, kazi imekwisha. Wewe utaweza kuitumia, na hata mtu mwingine akija ataweza."

Hakuwa mtu mbaya, shemeji huyu. Ndiye aliyembeba kaka yake mgongoni, na tangu siku ile kila Jumapili alikuja kumnyoa ndevu. Lakini alikuwa mtu wa kufungua injini na kubadilisha kilichokufa, na jambo lisilobadilishwa lilimtia kiwewe. Mama Kitana alikubali. Angekataa kwa hoja gani?

Fundi wa kompyuta alifika adhuhuri, kijana mpole mwenye mkoba mgongoni. Alimwamkia Tulia kwa heshima, akaketi, akatoa flashi yake, akaichomeka. Kabla hajabonyeza kitu aliuliza, "Mna nakala ya vilivyomo humu?"

"Vilivyomo vipi?" aliuliza shemeji.

"Picha, kazi za zamani. Nikianza, vya zamani vyote vinafutika."

"Za zamani zina kazi gani? Wenyewe walishachukua picha zao."

Waliposikia kiti kinasogea walikuwa wamechelewa. Tulia alikuwa amejisukuma kusimama kwa mguu mmoja wenye nguvu, ule mwingine ukamsaliti, akaanguka kwa magoti. Hakulia. Alijikokota kwa kiwiko cha kushoto mpaka chini ya meza, akaushika waya wa umeme, akauchomoa ukutani. Kioo kikafa. Akabaki pale chini ameukumbatia ule waya, anahema, "Chumvi. Chumvi. Chumvi."

"Kaka, jamani, tunakusaidia!" Shemeji alimshika kwapani amwinue, Tulia akampiga kofi la mkono wa kushoto. Halikuwa na nguvu, lakini lilikuwa kofi. Shemeji alirudi nyuma ameshika shavu, mdomo wazi kama mtoto.

"Mwacheni," alisema Mama Kitana. "Nyote mwacheni."

Aliketi sakafuni kando ya mumewe. Fundi alichomoa flashi yake, akairudisha mfukoni.

"Mimi sifuti mashine ya mtu aliye katika hali hii," alisema. "Nisameheni. Huu mfumo siuelewi sana, chuoni tuliugusa juu juu. Lakini kabla ya kufuta, nionyesheni kwanza inakataaje. Labda ni kitu kidogo."

Waliirudishia umeme. Walimwinua Tulia, safari hii akakubali, wakamweka kwenye kiti mbele kabisa ya kioo. Mama Kitana alichomeka kamera. Kijipicha kikatokea. Alifungua programu ya ua, akabonyeza, maandishi yakaja. Fundi aliinama akayasoma polepole, midomo ikicheza.

"Haisemi kamera ni mbovu," alisema. "Inasema haiwezi kuichukua kwa sababu imekwisha kushikwa. Kuna kitu kingine humu ndani kimeishika kamera. Sasa nani ameishika, hapo ndipo sijui."

Mama Kitana aliutazama mkono wa mumewe. Ulikuwa juu ya paja, umekunjwa ngumi. Ukakunjuka.

Alipiga magoti mbele yake, akamshika ule mkono. "Baba, hukuwa unaniambia mimi niachie."

Tulia alitikisa kichwa kukataa.

"Ni kamera iachiwe."

Alifumba macho. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, na kichwa kikaitikia mara moja tu, kwa uchovu.

"Nionyeshe. Nani ameishika?"

Tulia alinyoosha kidole cha kushoto kuelekea kwenye kioo, kikayumba, kikatua juu ya kile kijipicha cha kamera, kile kile ambacho mkewe alikipigia makofi.

"Ahaa!" Fundi alijipiga paja. "Kumbe ni yenyewe! Ukichomeka tu, kompyuta inaidaka kamera ili ikuonyeshe. Halafu programu ya picha ikija inakuta mlango umefungwa. Ni sawa na watu wawili wanaong'ang'ania ndoo moja." Alibonyeza kile kijipicha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ikashuka orodha fupi ya maneno. Aliusogeza mshale kwenye neno moja, akamtazama Tulia. Tulia akakataa. Akaushusha kwenye la chini yake, la kuiachia kamera. Tulia akaitikia. Kijipicha kikatoweka kwenye kioo, na Mama Kitana akadhani wameipoteza kamera kabisa. Lakini fundi alipofungua programu na kubonyeza, sura ya kwanza ikaja, kijana wa useremala ameganda kwa hofu, kisha ya pili, ya tatu, wakawa wanashuka kwa safu kama wanaoingia darasani.

Hakuna aliyeshangilia. Shemeji alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe kaka alikuwa anajua siku zote hizi," akatoka nje, akasimama barabarani muda mrefu akiwa amewapa mgongo.

Mama Kitana alitaka kusema samahani kwa lile neno lililomponyoka, lakini mumewe hakumpa nafasi. Alikuwa anatazama picha na kusonya. Kidole kilikwenda kwenye uso mmoja, kikaenda kwenye mwingine. Nusu ya nyuso zilikuwa na giza upande mmoja. Taa ilikuwa imewekwa chini mno.

"Nimeona," alisema mkewe. "Nimeona, bwana. Nilikuwa peke yangu."

Walizing'arisha zilizokubali, na zilizokataa Mama Kitana alirudi chuoni asubuhi ya Ijumaa akazipiga upya, taa juu. Msajili alizipokea zote kabla hajafunga ofisi. Samahani aliisema jioni, akimvua mumewe shati. Tulia alimsikiliza, akautazama ukuta. Haikuwa siku ile aliyomsamehe, wala ya pili yake. Alimsamehe pole pole, kama mkono ulivyokuwa ukipata nguvu, yaani kwa kiasi ambacho mtu asiyekaa nao asingekiona.

Sababu ya kuipigania ile kompyuta mpaka kuanguka kwa magoti ilijulikana baadaye kidogo. Mama mmoja wa nyuma ya soko alikuja analia, amezika mama yake mzazi, na nyumba nzima haina picha ya marehemu. Alikumbuka tu kwamba zamani walimleta hapa kupigwa picha. Mama Kitana alifungua kompyuta, akakuta picha za mtaa mzima zimepangwa kwa miaka. Alizifungua moja moja huku akimuuliza mumewe, "Huyu? Mbele? Nyuma?" mpaka Tulia akakichukua kipanya kwa mkono wa kushoto, akahangaika nacho, akafika mahali, akasimama. Bibi alikuwa pale, na kilemba cha kijani, amekasirika kidogo kwa kuambiwa atulie. Wengi waliokuwemo mle walikwisha kufa. Tulia aliwajua wote, na hakuwa na mdomo wa kuwaambia watu kwamba wamo.

Sasa Mama Kitana ndiye anayeendesha studio. Linux ameijua kwa njia ya kuuliza na kuitikiwa, ndiyo au hapana, na kukosea kwingi. Chuo kimeanza kuwapiga picha wanafunzi wake kwa simu, kwa hiyo kazi ile haikurudi. Shemeji hajasema tena habari ya kufuta, ila akimaliza kunyoa ndevu za kaka yake hupitisha kitambaa kwenye kioo cha kompyuta akijifanya anafuta vumbi.

Maneno ya Tulia yamerudi machache. Anasema maji, anasema hapana, na lipo tusi moja linalotoka safi kuliko yote. Siku za baridi hulia bila sababu na hukataa mazoezi. Jina la mkewe halijatoka. Mama Kitana husema halingojei, ana kazi nyingi kuliko kungoja majina. Lakini asubuhi, akimwosha uso kwa kitambaa cha uvuguvugu, mkono wake hupunguza mwendo ukifika kwenye midomo, naye huitazama.